Umeme kwa Taifa Zima

Nchi hiyo ipo, ila usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Siku ramani ilipokuwa inachapwa, umeme kiwandani ulijipanga, na mahali pa nchi hiyo pakatoka wino mtupu. Watu wake ni kama watu wa kwingine kokote: wanaamka, wanabonyeza swichi, wanatukana, wanatafuta kiberiti.

Wanatukana kimoyomoyo. Kusema kwa sauti kwamba umeme umekatika ni kosa la jinai, kwa sababu ni uongo. Tangu Mtukufu Rais ashike madaraka, umeme haujakatika hata mara moja. Waziri wa Mwanga na Matumaini, Mheshimiwa Dokta Injinia Barnabasi Kimeta, alilifafanulia Bunge jambo hilo kwa upole.

"Waheshimiwa, kinachokatika ni kamba," alisema. "Umeme haukatiki. Umeme unajipanga. Serikali imejipanga, chama kimejipanga, kwa nini umeme nao usijipange?"

Wabunge wakagonga meza mpaka ukumbi ukatikisika. Papo hapo taa zikajipanga, na waheshimiwa wakatoka wameshikana mashati kama watoto wa chekechea.

Kujipanga huko kulichukua asubuhi moja, au juma, au msimu wa embe wote. Matatizo nayo yalishafutwa kwa amri, zikabaki changamoto tu. Ndiyo maana wanywa kahawa wa mji mkuu walikuwa wakinong'onezana kwamba moto pekee uliobaki nchini ni ule ulio ndani ya neno changamoto.

Kitu kimoja hakikukosekana, nacho ni nguzo. Zilisimikwa kila mtaa, chache zikiwa na nyaya, nyingi zikiwa na rangi tu. Kila nguzo ilitakiwa kubeba kaulimbiu ya taifa: UMEME KWA TAIFA ZIMA. Mchoraji aliyepewa mtaa wa Kisimani akakuta nguzo ni nyembamba na brashi yake ni nene. Akaandika UMEME kwenye nguzo ya kwanza, KWA TAIFA kwenye ya pili, na ZIMA kwenye ya tatu, akaenda zake. Nguzo hiyo ya tatu ilisimama mbele ya mlango wa Kondo Mtulia.

*

Kondo alikuwa na pikapu kuukuu ya kuhamishia watu vitanda na makabati. Alikuwa pia na mke, Siwema, na Siwema alikuwa na sukari. Si sukari ya chai. Ile ya kuchomwa sindano asubuhi na jioni.

Dawa yake ilikaa kwenye vichupa vidogo, na vichupa vilikaa kwenye kifriji kisichozidi boksi la sabuni. Hospitali ilitoa dawa ya mwezi, na ikiharibika kwa joto unaambiwa usubiri mwezi ujao. Mwili wa Siwema haukujua kusubiri. Mwaka uliopita umeme ulijipanga wakati wa kiangazi, dawa ikaharibika ndani ya friji lenye joto kama kabati la nguo, na Kondo akamkuta mkewe ameanguka jikoni, mwiko mkononi. Alipona, lakini kabla hajapona, shangazi zake walikuwa wameshaulizana kwa macho nani ana sanda.

Kwa hiyo kiangazi hiki, umeme ulipojipanga tena, Kondo hakutukana. Mtungi wa maji alishaujaribu kupozea dawa, nao ulitoa jasho kama watu wengine. Akaenda kwenye pikapu. Alikuwa na inveta, kile kidude cha kugeuza moto wa betri uwe umeme wa nyumbani, aliyoachiwa na mteja mmoja aliyehama nchi kabisa na hakutaka kubeba kitu cha kumkumbusha giza. Akaifunga kwenye betri, akapitisha waya dirishani, akawasha injini. Friji likakohoa, likatulia, likaanza kunguruma.

Ilibidi injini iwe inawaka, maana betri ile ilikuwa ya kizamani. Injini ikinyamaza, nayo inanyamaza. Na stata ilishakufa siku nyingi. Pikapu iliwashwa kwa kusukumwa, au kwa kuzungushwa hendeli mbele hadi bega likalia.

"Baba Tunu," Siwema alisema mlangoni, "gari linakunywa mafuta na haliendi popote."

"Linakwenda."

"Linakwenda wapi?"

"Kwenye friji. Nalo huwa linarudi na wewe."

Siwema akacheka, akamwambia asimletee maneno ya harusi wakati bado hajatoa takataka.

*

Majirani wakaanza kuja na simu zao za kuchaji. Baada yao akaja mtu mkubwa zaidi, Mjumbe wa mtaa, Mzee Chaurembo, ndevu upande mmoja zimenyolewa, upande mwingine bado, kwa kuwa umeme ulijipanga akiwa kwenye kiti cha kinyozi.

"Ndugu Kondo, mimi sijaja kama Mjumbe," alisema huku anachomeka mashine ya kunyolea. "Nimekuja kama shavu."

Alitoka hapo anang'aa. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa shukrani, alipokwenda kwenye mkutano wa wajumbe akasimama na kuusifu mtaa wake. "Kisimani hatuna shida," alisema. "Kwa Kondo kuna moto mchana kutwa."

Alimaanisha moto wa betri. Fundi yeyote wa magari angemwelewa. Lakini kwenye mkutano hapakuwa na fundi, palikuwa na viongozi. Kikosi cha Zimamoto kikatumwa Kisimani kwa kasi, yaani kesho yake saa nne.

Walifika bila maji, kwa sababu pampu ya kujazia ilikuwa inategemea umeme. Wakashuka na mashoka.

"Moto uko wapi?" aliuliza kamanda.

Kondo akawaonyesha betri.

"Hauwaki."

"Ukiwaka ni hatari, afande."

Kamanda akazunguka nyumba, akanusa jiko, akafunua sufuria. Ilikuwa aibu kurudi mikono mitupu baada ya king'ora kirefu vile. Akapiga simu wizarani. Gari lao nalo lilikataa kuwaka, ikabidi Kondo awabusti kwa betri hiyohiyo waliyokuja kuizima. Wakamshukuru na kumwambia asiondoke nyumbani, atafuatwa.

*

Aliyemfuata aliitwa Bwana Nyagali, Mkaguzi Mkuu wa Vyanzo Visivyo Rasmi vya Mwanga. Alivaa tai fupi na viatu virefu, akakataa kiti, kisha akakaa.

"Mnafua umeme bila kibali," alisema.

Siwema akatoka ndani anafuta mikono. "Baba, sisi tunafua Jumamosi, na tunafua nguo. Hicho unachokiona kwenye kamba ni shuka."

"Mama, kufua umeme ni lugha ya kitaalamu."

"Ungesema mapema. Nimeshtuka nikadhani nimesahau kitu kwenye beseni."

Bwana Nyagali akamgeukia Kondo. "Hiki ni nini?"

"Pikapu."

"Pikapu inatembea. Hii inatembea?"

"Ikiwa hailishi friji, inatembea."

"Na ikilisha?"

"Inakuwa imetua."

Mkaguzi akatabasamu kama mtu aliyepata kitu njiani. "Kitu kilichotua kinaitwaje? Kituo. Na kituo kinachotoa umeme kinaitwa kituo cha kufua umeme. Umekiri mwenyewe. Sasa nionyeshe kituo chenye magurudumu, dunia hii."

Kondo hakuwa nacho. Vijana wa mkaguzi wakafungua magurudumu yote na la akiba, wakaiketisha pikapu juu ya mawe, wakayabingirisha magurudumu hadi kwenye gari lao.

"Na kazi yangu, bwana mkubwa? Nitahamishaje watu?"

"Hongera. Jana ulikuwa dereva. Leo wewe ni mkuu wa kituo."

Hakuishia hapo. Alipokuwa anaondoka, macho yake yaligota kwenye nguzo ya tatu. Akasimama, akaisoma kwa sauti. Kisha akarudi.

"Unajua kusoma?"

"Kidogo. Niliacha shule mapema."

"Soma hapa."

"Zima," Kondo akasoma. "Lakini bwana, hiyo ni taifa zima. Taifa liko nguzo ile ya kule, kwa muuza mkaa. Mchoraji alikosa nafasi."

"Serikali haikosi nafasi. Serikali imeandika zima mbele ya mlango wako, na wewe umewasha. Unaishi nje ya nguzo yako mwenyewe!"

"Nikizima, dawa ya mke wangu inaoza."

Bwana Nyagali hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na mke, na mkubwa wake wa kazi alikuwa mkali zaidi ya huyo mke. Akafikiri, akapata njia ya katikati. Kituo kiendelee kuwaka kwa muda, kwa huruma ya wizara. Ila mkuu wa kituo aape mbele ya Mjumbe kwamba siku akisikia neno zima kutoka kinywani mwa mamlaka, atazima palepale, bila kuuliza.

Kondo akaweka mkono juu ya boneti ya moto, akaapa. Mzee Chaurembo akashuhudia, shavu lake laini likimwangalia Kondo kwa aibu.

*

Taarifa ya Bwana Nyagali ikapanda ngazi. Yeye alisema amegundua kituo. Mkubwa wake alimwambia Katibu Mkuu kwamba wizara imekarabati kituo. Katibu Mkuu alimwambia Waziri kwamba kituo kimejengwa. Waziri Kimeta alimwambia Mtukufu Rais kwamba kituo kikubwa cha kufua umeme kimekamilika Kisimani kabla ya wakati, na kinachosubiriwa ni mkasi tu.

Mtukufu alipenda mikasi. Akasema atakifungua mwenyewe.

Waziri alipofika Kisimani asubuhi ya sherehe na kukuta kituo chake kimeketi juu ya mawe, na kamba ya shuka za Siwema pembeni, alikizunguka mara mbili. Halafu akafanya kazi ya uwaziri: akaagiza turubai la rangi ya taifa. Pikapu ikafunikwa, pua tu ikabaki nje, ikapewa utepe. Jukwaa likajengwa mbele ya nyumba, spika kubwa kama makabati zikasimamishwa kushoto na kulia, na shuka zikaachwa kwa kuwa mtu mmoja wa itifaki alidhani ni bendera za majirani.

Msafara ukafika. Mtukufu akakata utepe, akapiga kiboneti cha pikapu kama mtu anayempongeza ng'ombe, akapanda jukwaani. Akagonga kipaza sauti kwa kidole.

Kimya. Umeme wa jukwaani ulikuwa umejipanga.

Waziri Kimeta akamkamata Kondo mkono, akamnong'oneza huku meno yake bado yanatabasamu kuelekea kwa wapiga picha. "Kituo chako kina nafasi ya kitu kimoja?"

"Kimoja, Mheshimiwa. Na kimeshawekwa. Friji."

"Litoe."

"Mheshimiwa, mle mna dawa ya—"

"Litoe, tuingize spika. Unataka Mtukufu aongee kwa mdomo?"

Kijana wa itifaki alikuwa ameshapita dirishani. Friji likanyamaza. Spika zikapiga kelele ya kutoboa masikio, kisha zikatulia, zikaanza kupumua pumzi ya Mtukufu. Kondo akaamriwa akae kwenye usukani chini ya turubai, akanyage mafuta kidogokidogo ili sauti isilegee.

"Atahutubia muda gani?" aliuliza kupitia tundu la turubai.

"Mtukufu hamalizi," Waziri akajibu. "Mtukufu hupumzika. Mwaka jana alifungua choo cha soko, tukala futari tukiwa bado tumekaa palepale. Na haikuwa Ramadhani."

*

"Ndugu zangu," Mtukufu alianza, "kabla sijaanza, naomba nianze kwa kusema kwamba bado sijaanza."

Makofi.

"Mwanga ni nini? Wengine wanasema mwanga ni jua. Nawaheshimu. Lakini jua linazama! Mimi nimezama lini?"

"Hujazama!" umati ukaitikia, Mjumbe Chaurembo akiwa mbele kabisa kwa kuwa alipewa fulana.

Jua ambalo Mtukufu alilidharau lilikuwa limepanda, na lilikuwa linajibu. Chini ya turubai Kondo aliloa kama aliyetoka kisimani. Kupitia kioo cha pembeni aliliona dirisha la nyumba yake. Siwema alikuwa ameketi ndani karibu na dirisha, vichupa viwili mapajani, amevizungushia kanga mbichi. Kila baada ya muda alichovya kanga kwenye beseni, akaikamua, akavizungushia tena. Hakulia wala hakumwangalia mumewe. Alikuwa anapepea dawa kwa ungo, kama mtu anayepepea mtoto mwenye homa.

Mtukufu alikuwa ameshafika utotoni mwake. Alikuwa anaeleza namna alivyosoma kwa mwanga wa kimulimuli mmoja, ambaye baadaye alimpa ubalozi.

Kondo akakumbuka mwiko ulivyolala sakafuni mwaka ule. Akanyaga mafuta, akaachia, akanyaga, akaachia. Ndani ya moyo wake alikuwa anahesabu si muda, ila kanga: imechovywa tena, imekamuliwa tena.

Mtukufu akanyoosha kidole mbinguni. Sauti yake ikashuka, ikawa ya kutisha.

"Na leo, nikiwa nimesimama katika kituo hiki nilichokijenga kwa mikono yangu, sisemi na Kisimani peke yake. La. Leo nasema na taifa..."

Akanyamaza, kama wanenaji wakubwa wanavyofanya, ili watu wapate hamu. Kisha akanguruma:

"ZIMA!"

Kondo Mtulia akageuza ufunguo.

Injini ikatetemeka, ikafa. Spika zikatoa sauti kama ya kuku aliyekanyagwa, nazo zikafa. Ukimya ulioshuka Kisimani ulikuwa mkubwa kiasi kwamba shuka za Siwema zilisikika zikipigwa na upepo.

Waziri akaingiza kichwa chini ya turubai, uso umekuwa wa kijivu. "Umefanya nini, mwendawazimu? Washa!"

"Mheshimiwa, niliapa. Mjumbe ni shahidi. Nikisikia zima kutoka kwa mamlaka, nizime palepale, nisiulize. Mamlaka imesema zima. Hata umesikia ilivyosema kwa ukali."

"Alisema taifa zima, wewe!"

"Ndiyo. Na mimi ni taifa. Au siyo?"

"Nakuamuru, washa!"

Kondo akashusha sauti, kwa adabu kabisa. "Mtukufu anasema zima, wewe unasema washa. Wale walinzi pale wanatutazama. Niwaulize wao, nani mkubwa?"

Waziri Kimeta akatazama walinzi. Walinzi wakamtazama Waziri. Akatoa kichwa chake nje ya turubai polepole, akasimama wima, akaanza kupiga makofi.

Umati haukujua kinachoendelea, lakini ulijua makofi. Ukapiga. Mtukufu juu ya jukwaa alikuwa anaendelea, midomo inapanda na kushuka, kidole kinakata hewa, na hakuna aliyesikia chochote ila wale wa mbele, waliosikia kitu kama "maendeleo" au "maembe". Kila alipoinua kidole, walishangilia. Hata hivyo palikuwa na mtu mmoja aliyekosa raha, naye ni Mtukufu mwenyewe. Alizoea sauti yake imrudie kutoka ukutani, kubwa na yenye mwangwi, imsifie. Sasa haikurudi. Akasema kidogo, akasikiliza. Akasema tena, akasikiliza. Kivuli cha nguzo ya tatu hakijavuka hata barabara, akakunja karatasi zake, akapunga mkono, akapanda gari.

Vumbi la msafara lilikuwa bado hewani wakati Kondo anazungusha hendeli. Mara ya kwanza iligoma. Akaizungusha mpaka bega likalia, na injini ikashika. Siwema akachomeka waya mwenyewe, akarudisha vichupa ndani, akafunga mlango wa friji na kuuegemea kwa mgongo.

"Vipi?" Kondo aliuliza dirishani, pumzi juu.

"Vilikuwa vimeanza kupata vuguvugu kwa nje tu." Akafuta uso kwa kanga ileile. "Hivi wewe, Baba Tunu, kweli hukusikia neno taifa?"

"Nililisikia."

"Haya."

*

Tume ikaundwa. Ilimkuta Kondo hana kosa, kwa sababu kumtii Mtukufu si kosa. Mtukufu hakuwa na kosa, kwa sababu huwa hana. Waziri hakuwa na kosa, kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa tume. Likabaki neno.

Neno zima likapigwa marufuku, lenyewe na ukoo wake wote. Wachoraji wakapita kupaka nguzo chokaa. Watu wazima wakaanza kuitwa watoto waliochelewa. Kikosi cha Zimamoto kikawa Kikosi cha Kuzungumza na Moto. Masheikh na mapadri wakapewa muda wa kutafuta kitu kingine cha kuwaombea watu badala ya uzima. Na kwa kuwa haikuruhusiwa tena kumuuliza mtu kama ni mzima, serikali ikatoa salamu mpya: "Umejipanga?" Jibu lake: "Nimejipanga."

Magurudumu hayakurudi. Ili kumlinda Mtukufu na aibu, wizara ilitangaza kwamba Kisimani hapajawahi kuwa na kituo, na kituo kisichokuwepo hakiwezi kuwa kimenyang'anywa magurudumu. Pikapu ikabaki juu ya mawe yake, waya dirishani. Kondo sasa aliwahamisha watu kwa mkokoteni.

Mjumbe Chaurembo akapita siku moja na mashine yake ya kunyolea.

"Ndugu Kondo, umejipanga?"

"Nimejipanga, Mzee."

"Na Mama Tunu? Amejipanga?"

Kondo akaipokea mashine. Umeme ukifa, wanasema umejipanga. Ndani ya nyumba friji lilikuwa linanguruma, na Siwema alikuwa anamfokea mbuzi wa jirani aliyekula pindo la shuka, anamtajia mama yake na bibi yake, sauti imejaa, haitetereki.

Kondo akaitazama nguzo nyeupe. Kisha akajibu kwa sauti ya kufika nguzo ya kwanza.

"Mzima."

Mzee Chaurembo akaruka, akatazama kushoto na kulia. "Shh! We!"

"Mzima," Kondo akarudia, akamchomekea mashine.